Mishiko Mitatu ya Mama Misumari

Mama Misumari hakuipenda ukulele ile, kigitaa cha nyuzi nne, hata kidogo. Aliichukua kwa sababu mwalimu mmoja aliyekuwa akihama alitaka kitasa na hakuwa na kingine cha kutoa, na kitasa chenyewe kilishakaa rafuni mpaka kikashika kutu. Alipeana mkono na mwalimu, akaitundika nyuma ya kaunta kati ya misumeno na mipira ya maji, akaisahau.

Aliyemfanya aishushe ni shemeji yake, mdogo wa mumewe, mwalimu wa udereva ambaye mtaa mzima ulimwita Klachi. Klachi alikuwa na gitaa la umeme, spika kubwa kama friji, na imani kwamba siku atakayonyamaza rokenroli itakufa. Ndugu wakikutana, anapiga. Mtoto akizaliwa, anapiga. Mtoto huyo akifaulu mtihani, anapiga. Kuna siku alipiga kwenye kikao cha kusuluhisha ndoa, na ndoa ikavunjika kabla hajafika kwenye kiitikio.

Sasa alitaka chumba.

"Shemeji, ile stoo yako ya nyuma. Nipe Jumamosi tu, nifanyie mazoezi."

"Stoo ina simenti na mabati."

"Mabati ndiyo mazuri, yanarudisha sauti!"

Mama Misumari alimtazama mumewe. Mumewe, fundi bomba, alikuwa na kipaji cha kuwa chini ya sinki kila ndugu zake walipoanza mambo yao, na siku hiyo alikuwa huko huko.

"Tatizo lako muziki huujui," Klachi akaendelea. "Hata kwa hicho kigitaa ulichotundika hapo, wimbo mmoja huutoi."

"Nikitoa tatu?"

"Tatu za nini?"

"Za rokenroli. Hizo hizo zako za zamani. Siku mama yenu anapotimiza miaka themanini, mbele za watu. Nikizimaliza zote, gitaa lako halikanyagi tena shughuli ya familia. Nikishindwa, stoo yako."

Klachi alicheka mpaka akakohoa. Waliandikiana nyuma ya risiti, wakatia saini. Shahidi alikuwa mume: ulitokea mkono tu chini ya sinki, ukasaini, ukarudi.

Zilibaki wiki sita. Kwanza Mama Misumari aliifuta vumbi ukulele, na hapo hapo akaona kasoro. Ilikuwa na nyuzi nne: wa juu kabisa mwembamba, wa pili mnene, kisha nyingine mbili nyembamba. Dukani kwake kila kitu kilipangwa kuanzia kinene kwenda chembamba, bomba, skrubu, minyororo, mpaka mifagio. "Kiwanda kililala kazini," akasema, akazifungua zote akazipanga kama inavyotakiwa.

Kisha akafungua video za mafunzo kwenye simu, na moyo ukamtulia. Kumbe nyimbo zile karibu zote zilitumia mishiko mitatu tu ya vidole. "Huu si muziki," alijiambia, "hii ni biashara ya jumla. Unachukua tatu, unauza mia."

Wiki tatu zilipita. Vidole viliota sugu, mishiko ikakaa kama ya kwenye simu, lakini kilichotoka kilikuwa kilio cha mbuzi aliyefungiwa kwenye pipa.

"Mama, huko nyuma mnasaga nini?" wateja waliuliza.

"Nasaga shemeji," alijibu, akiwapimia misumari.

Aliyechoka wa kwanza ni fundi saa, mzee mpole aliyeweka meza yake barazani pa duka. Aliingia na kibano mkononi na miwani kwenye paji la uso.

"Nimevumilia kiasi cha kutosha. Lete hicho kidude." Alikigeuza mara moja. "Nyuzi hizi nani kazipanga?"

"Mimi. Zilikuwa shaghalabaghala."

"Mama Misumari. Ndani ya saa kuna gurudumu dogo katikati ya makubwa mawili. Ukiyapanga kwa ukubwa, utakuwa na sahani ya vyuma, saa huna."

"Si wangeandika basi!"

"Waliandika. Nyuzi ndizo maandishi."

Akazirudisha zilivyokuwa, akazikaza, akatoka bila kuaga. Mama Misumari alishika mshiko wa kwanza, akapitisha kidole gumba. Sauti ikatoka safi, kama bomba lililozibuliwa. Aligeuka nyuma kuangalia nani amepiga.

Siku yenyewe sebule ya mama mkwe ilijaa viti vya kuazima. Klachi alikuwa ameshasimamisha spika yake mlangoni, na futi ya kupimia stoo ilichungulia kwenye mfuko wake wa shati. Mama Misumari hakuhitaji spika. Ana sauti ya mtu aliyezoea kuita wapakiaji ng'ambo ya barabara. Alipiga wa kwanza, wa gari linalokimbia. Akapiga wa pili, wa msichana aliyeondoka na gari hilo. Kufika wa tatu mashangazi walikuwa wamevua viatu, na mumewe alikuwa wima, nje ya sinki, anapiga makofi.

Klachi aliruka. "Huo ni wimbo mmoja! Mishiko ile ile mara tatu, kabadilisha maneno tu! Stoo yangu!"

Mama Misumari alijua mtu huyu hakuwa amesema uongo. Akashika alichozoea kushika mteja anapolalamika: bidhaa ya mteja mwenyewe.

"Na zako, shemeji, zina mishiko mingapi?"

"Inategemea."

"Mingapi?"

"Mitatu," akasema Klachi, kwa sauti ndogo ya ajabu. "Lakini mimi napiga kwa hisia."

Mama mkwe aliinuka kidogo kitini. "Kwa hiyo miaka ishirini nasikilizishwa wimbo mmoja?"

Akamgeukia Klachi.

"Gitaa libaki kwako," mama mkwe akahukumu. Mama Misumari alikuwa ameanza kutabasamu. "Na hicho kidogo kibaki dukani. Nina themanini, nataka nisikie ninachotafuna."

Hilo halikuwemo kwenye risiti, lakini nani ambishie mama mkwe kwenye siku yake?

Jumamosi iliyofuata Mama Misumari alikuwa stooni, juu ya mfuko wa simenti, akipiga mishiko yake mitatu, ambayo kusema kweli ilishaanza kumchosha. Klachi akasimama mlangoni, mikono mitupu.

"Upo wa nne," akasema. "Wa nyimbo za polepole. Ule unaoliza watu."

"Bei?"

"Jumamosi mbili humu ndani."

"Moja. Bila spika. Na kwanza unapanga mifuko hiyo."

Klachi akakunja mikono ya shati. "Mdogo katikati ya mikubwa, kama anavyosema fundi saa?"

"Mikubwa chini, midogo juu, kama watu wenye akili. Hii ni simenti, siyo ukulele."