Wanataka Nibebe Dola Yangu Iliyoibwa Kwenye Sinia la Mahari

Admin, jina langu lifiche, maana ukoo wetu wote unasoma ukurasa huu. Mimi ni mama wa miaka arobaini na sita, mjane, Mkongomani wa Kivu ya Kusini, naishi Louisville na wanangu wawili. Kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani. Nina hasira ya mwaka mzima, na msinianzie na "samehe mama". Pastor ameshaniambia, nimemsikia.

Mzee mmoja niliyemhudumia, sasa marehemu, ndiye aliyenifundisha kupenda dola za fedha za zamani, zile zenye kichwa cha mwanamke upande mmoja na tai upande wa pili. Alinionyesha kwamba thamani iko kwenye mwaka, na kwenye herufi ndogo iliyo chini ya tai, inayosema dola ilitengenezwa mji gani. Dola mbili zinaweza kufanana kama mapacha, moja ukanunua nayo viatu, nyingine gari. Nikaanza kukusanya zangu. Wenzangu wa kanisani walinunua mawigi, mimi nilinunua dola, wakanicheka na kuniita Mama Feza.

Niliyoitafuta kuliko zote ni ya 1893 yenye herufi S, ya San Francisco. Ilinichukua miaka sita, na overtime ambazo mgongo wangu bado unazikumbuka. Ilikuwa na weusi kama mwezi mwembamba pembeni ya bawa la tai. Weusi ule hauguswi. Dola ya zamani ikisuguliwa imekufa, hakuna mkusanyaji atakayeitaka kwa bei yake. Nilisema hiyo ndiyo itakayosomesha binti yangu.

Mwaka jana mdogo wa marehemu mume wangu alikuja kutoka Columbus, anakaa kule kitongoji cha Hilliard, akalala kwangu siku tatu. Shemeji nimempikia sombe, nimempa kitanda changu. Akaomba kuona dola, nikamwonyesha, nikamweleza yote kasoro hilo la kutosugua, maana sikufikiri kuna mtu wa kumwambia. Alipoondoka nikafungua boksi. Mahali pa 1893 palikuwa na dola ya 1921, zile za kawaida zilizojaa kila duka. Hakuna mgeni mwingine aliyeingia nyumba ile.

Nikampigia. Akapandisha sauti: "Shemeji, unaniita mwizi? Donc mimi nikuibie feza ya bazungu? Tangu kaka akufe unatutafutia tu matata!"

Akaitisha kikao cha ukoo. Wazee wakasema sina shahidi, nimechafua jina la nyumba iliyonioa. Nikaambiwa niombe msamaha. Nilipiga magoti, jamani. Nilipiga magoti kwenye kapeti ya sebule yake, mbele ya watoto wangu, nikamwomba msamaha mtu aliyeniibia, naye akaniwekea mkono kichwani kama askofu. Mtenda husahau, mtendewa hasahau.

Sasa sikieni. Wiki mbili zilizopita simu ikalia, ni yeye, sauti ya asali.

"Shemeji, we njo unajuaka mambo ya feza. Kintu ya feza ikisha kuwa na weusi, banaisafishaka na nini? Ni ya dot ya kijana yangu. Hatuwezi kupeleka kintu chafu kwa bakwe, batatucheka."

Mnajua kwetu: zawadi ya mahari lazima ing'ae. Hata mwiko wa kupeleka ukweni tunausugua na majivu. Nilijua ni dola gani hiyo. Ningeweza kusema, "Usiiguse." Nikasema, "Bon, tumia dawa ya meno na limau. Sugua na brashi mpaka iwake."

Akanishukuru! Kesho yake akatuma picha kwenye group la familia: dola kwenye kitambaa cheupe, inawaka kama kijiko kipya. Nikaivuta picha. 1893. S. Watu wakaandika hongera. Mimi nilicheka jikoni mpaka binti yangu akauliza, "Mom, are you okay?" Nilifurahi, sitawaficha. Kisha nikatoa picha yangu ya zamani, yenye ule weusi, ushahidi pekee niliokuwa nao. Weusi ameufuta. Kwa shauri langu mwenyewe.

Mahari ni Jumamosi, Buffalo, nyumbani kwa wakwe kule Riverside. Ng'ombe hawapandi ndege, kwa hiyo shemeji amewaambia kwamba dola ile ni ng'ombe wote kwa mkupuo mmoja. Baba wa binti amejibu kwamba Jumatatu ataipeleka kwa mtu anayejua. Atakachoambiwa nakijua mimi tu: imesuguliwa, imekufa. Na yule binti anayeolewa hana kosa. Kila Jumapili hunipigia, ananiita mama, ananiuliza kama nimekula.

Na jana shemeji kanipigia tena. Kwa kuwa mimi ni mke wa kaka mkubwa, desturi inataka nibebe sinia. Nitavaa kitenge cha ukoo, nitaingia na wimbo, dola yangu ikiwa mikononi mwangu mbele ya wazee wale wale walionipigisha magoti.

Kitenge kimeshapigwa pasi. Nishaurini, ndugu zangu: nipige vigelegele nilifikishe sinia, Jumatatu ifanye kazi yake na binti wa watu aaibike bila kosa? Au nisimame katikati ya sebule, nimwambie shemeji, "Leo piga magoti wewe"?