Neno Letu Lilikuwa Pilipili

Mwenzangu wa ofisini ndiye aliyenifundisha kuipa kompyuta neno fupi la kujichagulia. Ukiliandika kule juu na kubonyeza, unafika moja kwa moja ulikotaka kutafuta, bila kufungua kurasa tano. Yeye ana neno la sheria, la ramani, hata la bei ya saruji. Mimi nina moja tu. Nikiandika "pilipili", mashine inakwenda kwenye orodha ya watu waliopotea wakati wa vita na kumtafuta kaka yangu kwa jina lake kamili. Kabla sijavuta pumzi, imekwisha kunijibu: hakuna matokeo.

Neno hilo lina umri mkubwa kuliko kompyuta yenyewe. Vita vilipofunga barabara, kaka alikuwa mbali, katika mji wa Punia, na baiskeli yake ya biashara. Hapa Kindu tulitafutana kwa foni, redio iliyowekwa katika kibanda karibu na mto. Betri ilikuwa dhaifu, kwa hiyo mwendesha foni hakutaka hadithi: kila familia ilikuwa na neno lake moja. Ndugu aliye mbali akifika kwenye foni ya kule, neno linaitwa mara tatu. Msipoitika, zamu inapita kwa wengine. Letu lilikuwa pilipili, maana kaka hakula hata ndizi bila hiyo.

Mama alinituma mimi kukaa kibandani kila asubuhi. Nilikaa miezi, nikisikiliza maneno ya watu wengine yakiitwa na wenyewe wakiruka kwa furaha. Nilichoka. Nilifika hata kumchukia kaka kwa kunikalisha pale, na siku moja nikapita kando ya kibanda nikaenda kwa rafiki yangu kusukwa nywele.

Niliporudi, mwendesha foni hakuniangalia usoni.

"Punia waliita neno yenu mara tatu," alisema. "Ilikuwa sauti ya mwanaume. Ulikuwa wapi?"

Kichwa kilikuwa kinaniuma kwa misuko mipya.

Kesho yake foni ya Punia haikusikika, wala kesho kutwa, wala tena. Walisema watu wa kule wamekimbilia msituni. Mama sikumwambia kitu. Watu husema majuto ni mjukuu. Huyu wangu sasa ana ndevu.

Siku hizi mama anakaa nami. Nikitoka kazini, kabla sijavua viatu, ananiuliza.

"Umemuita leo?"

"Nimemuita, mama. Hakuna."

"Ile mashini inajibia mbio sana. Mutu mwenye kutafuta kweli anakawia."

Kisha huongeza, "Uliita mara tatu?"

"Mara tatu."

Katika hilo simdanganyi. Kila siku naandika neno mara tatu, na mara ya tatu naacha kidole juu ya kitufe, nangoja kama mjinga. Ofisini wanasifu mbio hizi. Mimi zinaniudhi. Kule kibandani mtu aliweza kuishi mwezi mzima ndani ya kungoja. Hapa hata matumaini hayapati muda wa kukaa kitako.

Kisha nabonyeza. Jibu nalijua kabla halijatokea, kwa sababu ndilo nililompa kaka siku ile aliponiita.