Jina la Hamsta Wetu

Tantine wangu, mdogo wake mama, alikuwa akiwapikia wageni fulani Lubumbashi. Waliporudi kwao walimwachia hamsta, naye akatuletea Likasi, tundu likiwa mapajani mwake njia nzima. Mama akakichungulia kile kinyama kinene, kisicho hata na mkia wa maana, akauliza, "Hii panya njo ya kukula?"

"Hapana, yaya. Ya kuangalia tu," tantine akamjibu dada yake.

"Kuangalia!" Mama akarudi jikoni akicheka peke yake.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na hamsta akawa wangu. Tantine alitaka tumpe jina la kigeni, ila si la Kifaransa, maana la Kifaransa hata mbuzi wa jirani alikuwa nalo.

Papa, aliyeendesha lori la madini kwa Wachina, hakufikiri sana. "Umuite Kuai. Kule kazini patron anatuambia kutwa nzima: kuai, kuai! Maana yake mbio." Hamsta alikuwa akizungusha gurudumu lake kama mwendawazimu. Tulicheka sote.

Kambo, baba yake papa, alikuwa ameketi mlangoni akiota jua. Zamani alikuwa fundi wa vyuma. Akakohoa kidogo. "Miye niko na lingine. Piano."

"Piano ya kanisani, kambo?"

"Hapana. Kiitaliano. Pole pole."

Akasema Mwitaliano aliyemfundisha kazi alikuwa akisimama nyuma yake, na kila alipoharakisha kwenye mashine alimshika kiwiko: piano, piano. Kambo akanyoosha mkono wake wa kulia mbele yetu. "Vidole vyote viko. Wenzangu wengi hawana."

Papa akasema mwenye mnyama ndiye achague. Nikamtazama hamsta anavyokimbia, nikasema Kuai.

"Ni muzuri," kambo akajibu, akageukia barabara.

Basi tukamwita Kuai. Asubuhi nilipokwenda masomo, kambo ndiye aliyebaki naye na kumpa karanga. Siku moja mwalimu aliugua, tukaruhusiwa mapema. Nilipofika mlangoni nikasikia sauti ya kambo ndani: "Piano, rafiki. Piano, utaanguka." Hamsta alikuwa akitembea juu ya kiganja chake, kutoka kidole hadi kidole. Nilisimama pale muda, nikiona aibu nisiyojua ni ya nini.

Kisha nikaingia. "Kambo, yule Mwitaliano alikuwa akisema nini kingine?"

Alinitazama kwanza kuona kama ninatania. Halafu akasogea, akanipa nafasi kwenye benchi. Tulikaa hapo mpaka mama akatuita kula bukari, ugali wetu wa kila siku, naye akaita mara mbili.

Kuai alikufa kabla ya mvua, na kambo miaka miwili baadaye. Maneno ya Kiitaliano aliyonifundisha siku ile yalikuwa kama ishirini. Nimebaki na saba, na sina wa kumuuliza kama ninayatamka sawa.