Kazi ya Wajir na Ndoo ya Abti

Nakumbuka asubuhi moja ya miaka ya tisini, mwanangu, jua la Garissa halijakolea, mimi najaza upepo mipira ya chuo cha walimu. Nilikuwa msaidizi wa kocha. Shule niliishia darasa la tatu, lakini wachezaji nilikuwa nawaona kama ngamia: kwa mbali tu najua yupi anachechemea. Kocha mwenyewe, Mwalimu Mutua, mtu wa Kitui, alinichukua kwa ajili hiyo. Chai yake haikuwa na sukari, lakini hayo tuyaache.

Akaja mjumbe wa chuo kimoja cha Wajir. "Tunakutaka uwe kocha mkuu. Ila uje leo, kabla hatujacheza nanyi Jumamosi."

Kocha mkuu, mimi! Mke wangu alikuwa amechoka kuniita msaidizi mbele ya dada zake.

Nikamkimbilia abti, ndugu wa mama, kisimani, nikamweleza yote. Unaijua kazi ile: watu wanasimama ndani, mmoja juu ya mwenzake, ndoo inapanda mkono kwa mkono hadi kwa ngamia. Abti hakuacha kupokea ndoo.

"Waryaa, kocha mkuu! Nikitoka hapa sasa hivi, ndoo hii atapokea nani?"

"Abti, mimi nauliza mambo ya mpira."

"Na mimi nakujibu! Kwani kwa nini iwe leo? Wanakutaka wewe, au wanataka uwaambie ni beki wenu yupi anayeumwa goti?"

Kwetu mtu hatoki kisimani mpaka kundi alilolianza linywe, hata akiitwa kwenye kundi kubwa zaidi.

Nikamwambia mjumbe, "Nitakuja Jumapili. Msiponitaka Jumapili, basi hamkunitaka mimi." Akaondoka bila kunipa mkono. Nyumbani nako nililishwa bila kusemeshwa.

Jumamosi tukawafunga mawili, beki wetu akichechemea vilevile. Firimbi ilipolia, mkuu wa chuo chao akavuka uwanja, suruali imejaa vumbi. "Kesho bado unakuja?"

Mutua mwenyewe ndiye aliyenibebea begi hadi kwenye lori la mbuzi.

Basi mwanangu, cheo kikija kitamani, usione haya. Lakini maliza kwanza zamu uliyoishika, umuage uliyefanya naye kazi, ndipo upande lori. Anayekutaka kweli atakungoja. Mwenyezi Mungu akupandishe, na kila utakaposimama akupe mtu wa kupokea ndoo yako. Amin.