Karata ya Arobaini na Moja

Kanuni za mashindano ya karata zimeandikwa kwenye karatasi nne za Kifaransa. Nchi hii imewahi kuendeshwa kwa karatasi chache kuliko hizo.

Mchezaji anakuja na karata arobaini, zote zikiwa zimeandikwa kwenye orodha. Pembeni anaruhusiwa kumi na tano za akiba. Pambano moja lina michezo mitatu, na kila mchezo ukiisha unaweza kutoa karata na kuingiza nyingine ya akiba. Lakini kabla ya kukutana na mpinzani mwingine, kila karata irudi pale ilipokuwa asubuhi.

Nilipoelezwa hilo niliuliza nani alilitunga, nimpe pongezi. Mimi nilitolewa shule mwaka wa tatu wa sekondari, wiki ile tuliyomzika mama, baba akiwa ametangulia, nikaingizwa sokoni Kadutu nyuma ya beseni la sambaza, dagaa wa ziwa letu. Pambano hilo limekwisha zamani. Bado nangoja wa kunirudisha pale nilipokuwa asubuhi.

Mchezaji ni mdogo wangu wa mwisho, msichana wa miaka kumi na saba. Karata zake alizichambua miaka minne kwenye magunia ya vitu vilivyochokwa na watoto wa Ulaya. Zina picha za viumbe na maelezo ya nguvu zao, nyingine kwa Kijerumani, nyingine kwa Kiitaliano, na zote amezikariri. Fizikia hajaikariri, lakini tusimwonee.

Jumamosi ile, kwenye ukumbi mmoja wa Ibanda, mshindi angepanda boti kwenda kucheza fainali Goma. Mdogo wangu hajawahi kuvuka ziwa. Idjwi, kisiwa cha katikati ya ziwa, anaijua kama watu wanavyojua mwezi. Mkoba wake ulikuwa umefuliwa na kufungwa tangu Jumatano. Nami nilifunga biashara siku nzima, nikaone ni mchezo gani huu unaozuia vyombo visioshwe.

Alishinda mapambano matatu. Lilipobaki la mwisho, akanisukumia karata zake.

"Yaya," akasema, kama anavyoniita mimi dada yake mkubwa, "unirudishie. Hizi tatu ziende mu akiba, zile tatu zirudi. Niko nakuja, naenda kunywa maji."

Nilifanya kama alivyosema. Nikahesabu arobaini. Hapo ndipo mkono ulipojifanyia kazi yake.

Mtu aliyeuza sambaza miaka tisa hatoi kopo lililosawazishwa. Unajaza, kisha unaongeza kiganja kimoja juu, matabisi, la sivyo mteja anakutazama kama mwizi. Arobaini kamili niliiona ni uchoyo mtupu. Kwenye akiba kulikuwa na karata ya ndege wa chuma iliyomwokoa asubuhi. Nikaiweka juu ya zile arobaini. Mtoto afaidi.

Mwamuzi alikuwa kijana mwenye beji shingoni, wa kuvaa beji hata Jumamosi. Alihesabu karata za wote wawili kabla ya kuanza.

"Mademoiselle, iko quarante et un. Arobaini na moja."

"Rudia, papa," mdogo wangu akamwambia kwa heshima.

"Nimesharudia. Na akiba iko quatorze, moja haiko."

Mpinzani, kijana wa nyumba kubwa za kando ya ziwa, mwenye karata ndani ya kisanduku cha ngozi, akatabasamu. "Anakuja na abiria."

Mdogo wangu hakunitazama. Kwa hiyo nilijua kwamba amejua. Nikasimama.

"Papa, ni miye nilitia ile moja. Ni matabisi tu."

Ukumbi ulicheka vizuri sana. Mwamuzi peke yake hakucheka.

"Maman, hapa haiko soko. Karata iko ya muchezaji, kosa iko ya muchezaji."

"Basi muniazibu miye."

"Wewe hauko ku orodha."

Nikakaa. Mtu amesoma karatasi nne, utabishana naye kwa elimu gani?

Adhabu ilikuwa kupoteza mchezo wa kwanza kabla haujachezwa. Sasa alitakiwa ashinde miwili mfululizo. Kanuni zilimruhusu kubadilisha hapo, basi akamtoa ndege wa chuma kwenye akiba, akampeleka hadi karibu na pua ya mwamuzi.

"Sasa iko na ruhusa ya kuingia, ao alete carte d'identité?"

Huo alishinda. Wa tatu ulikwenda mbali, na kwa muda mrefu nilidhani Goma imepatikana. Kisha mpinzani akafunua karata moja, mdogo wangu akaisoma, akalaza zake mezani, akampa mkono wa pongezi.

Tulipanda kurudi nyumbani kwa miguu. Nusu ya mlima akanigeukia.

"Yaya, hata wale wanaokutukana sokoni unabapatiaka matabisi?"

"Hao njo ba kwanza kupata."

"Mm," akasema. Nyumbani alifungua mkoba, akazirudisha nguo kwenye kamba moja moja.

Nilitegemea kwamba hatanipa tena hata karata moja nishike. Wiki iliyofuata alikuja sokoni na zile karatasi nne, akaziweka juu ya kopo langu la kupimia. "Soma." Nikasoma, na Kifaransa nilichokiacha mwaka wa tatu kikaja kikichechemea. Ilinichukua siku tano na wateja kadhaa waliochoka kungoja.

Mwezi jana kulikuwa na mashindano mengine. Kabla ya pambano la mwisho akanisukumia karata mbele ya watu wote, ukumbi ukaanza kucheka mapema.

"Rudisha, yaya."

Nikahesabu arobaini, nikahesabu tena. Mkono wa kulia ukaanza kusogea kwenye akiba. Nikaukalia hadi mwamuzi alipopita.