Siku Niliyoupanua Ulimwengu kwa Bugali kule Beu

Ngoja niwaambie mwenyewe kabla shemeji zangu hawajawaambia, maana wao wakisimulia huongeza chumvi: mimi, daktari wa fizikia ninayepiga hesabu za jinsi ulimwengu ulivyoanza na unakoelekea, nilimrushia baba mkwe bugali moto (ugali, kwa lugha yenu) siku ya posa yangu. Aibu ile ninayo hadi leo, ingawa siku hizi nikiikumbuka nacheka peke yangu, halafu nahuzunika kidogo.

Tulitoka mtaa wetu wa Mususa asubuhi, Butembo bado kuna baridi, na njia nzima mpaka Beni mjomba Kasereka, msemaji wetu, alirudia jambo lilelile: "Mutu wa kuoa hapana kusema. Ni miye nitasema. Weye funga kinywa." (Ndiyo desturi yetu, bwana harusi hukaa kama picha ukutani, na binti hufichwa chumbani hadi aitwe.)

Basi kule Beu, pale pale Beni, mambo yakaenda vizuri, mbuzi wakakubaliwa, chakula kikaletwa, tukawa tunangoja sala tu, ndipo baba yake Kavira, binti niliyekwenda kumposa, akauliza kwa wema kabisa, "Na huyu kijana anatumikaka kazi gani?" Mjomba akajibu, "Iko mwalimu." Mwalimu tu! Baada ya miaka yote ile ya kusoma! Kiburi kikanipanda, nikamwambia kama mwana kwa baba, "Tata, miye niko nasoma namna dunia yote inapanuka."

"Inapanuka?" mzee akadakia. "Mais, lakini shamba yangu iko palepale!"

Watu wakacheka, nami badala ya kucheka nao nikavuta sahani ya wazee, nikachomeka punje za maharage kwenye bugali wa muhogo (sala haijasomwa, mikono sijanawa), nikaanza kuuvuta huku na huku, nikieleza kwamba punje hizi ni makundi ya nyota, yanaachana kwa sababu nafasi katikati yao inatanuka, kumbe bugali umetoka jikoni sasa hivi, ukaniunguza, nikaruka, na donge likatua mapajani pa baba mkwe, kwenye suruali yake nyeupe.

Mjomba akafunika uso. Mzee akazitazama zile punje, kisha akauliza kama mtu anayetaka kujua kweli: "Donc, kwa hiyo, hizi maharagi zitarudiana?"

Hapo ningesema ndiyo nikaokoka. Lakini usomi haukuniacha. "Hapana, Tata. Zitaachana tu, milele."

Milele! Kwenye posa! Shangazi yake Kavira akasimama. "Mumesikia? Yeye mwenyewe anasema bataachana! Barudishie mbuzi yabo!" Na kweli, nje kamba zikaanza kufunguliwa, nikajua Kavira nimempoteza kwa mdomo wangu mwenyewe.

Ndipo akatoka chumbani bila kuitwa (hakuna binti wa kwao aliyewahi kuthubutu), ana kitambaa mkononi, akapiga magoti kumpangusa baba yake, akicheka hadi machozi. "Tata, hii ndo kichwa yake. Miye nilishaizoea."

Mzee akamtazama binti yake, akanitazama mimi. "Basi bakae bote babili na bujinga yabo. Tusali." Mbuzi wakafungwa tena.

Tangu hapo nimesimama mbele ya maprofesa wengi, na hakuna aliyewahi kuniuliza swali gumu kwa upole kama ule. Baba mkwe hayuko tena, namkumbuka sana. Nikialikwa kwenye posa naketi nyuma kabisa, na nimeapa: mdomo wangu hapo kazi yake ni kula.