Salamu za Gundi

Ofisini walimwita Gundi, na hakuchukia. Jina hilo lilikuwa rahisi kuliko cheo chake. Cheo chake, mratibu wa mtandao, kilikuwa kikimletea balaa kila alipokitaja. Majirani walimletea simu zilizogoma, na shemeji yake mmoja alimbebea kompyuta nzima kutoka mbali, ikiwa imefungwa kwenye shuka.

"Jamani," aliwaambia, "mimi siunganishi waya. Naunganisha watu."

Shemeji alimtazama kwa huruma, akaondoka na kompyuta yake.

Lakini ndiyo kazi yenyewe ilivyokuwa. Shirika lilikuwa na vyumba vichache juu ya duka la rangi, ngazi zake zikinuka tapentaini asubuhi hadi jioni, na lilisimamia vikundi vingi vya mitaani vinavyohudumia wagonjwa na wazee majumbani. Hakuna kikundi kilichokuwa na kila kitu. Huyu ana vitanda vya wagonjwa lakini hana mtu wa kuvibeba. Yule ana watu wenye mikono yenye nguvu lakini hana hata gongo moja. Gundi alipaswa kujua nani ana nini, nani kakwama wapi, na kuhakikisha kitu kinamfika mwenye shida kabla shida haijamzidi.

Na alikuwa na mtindo wake. Ujumbe wa kundi hakuuamini hata kidogo. Alisema ukiwatumia watu wote ujumbe mmoja, kila mtu anadhani anaambiwa jirani yake. Kwa hiyo alipiga simu, mtu mmoja mmoja, kutwa nzima, kalamu imechomekwa kwenye kilemba na chai inapoa mezani. Tena hakuanza na shida. Alianza hivi: "Kwanza kabisa, nina salamu zako." Halafu anakutajia nani kakusalimia na kakuuliza nini. Mtu akisikia ameulizwa hali na mtu wa mbali, hulainika palepale. Ukimwomba kitanda baada ya hapo, anakupa na shuka zake.

Miaka ya mwanzo salamu hizo zilikuwa za kweli. Uongo uliingia baada ya ugomvi wa Fundi na Mwalimu.

Fundi alikuwa mchomeleaji, kiongozi wa kikundi cha mafundi waliokarabati viti vya magurudumu na vitanda. Ua wa karakana yake ndio uliokuwa ghala la mtandao mzima. Mwalimu alikuwa mama mstaafu, mjane, kiongozi wa akina mama waliotembelea wazee, na kikundi chake ndicho chenye pikapu pekee. Ghala bila gari halina maana, na gari bila ghala ni kuchoma mafuta bure. Wawili hao waliishi vizuri tu mpaka siku ya kikao fulani, Mwalimu aliposimama na kusema kwamba kiti alichokichukua karakana kinalia kama kifaranga kilichopotelewa na mama yake.

Watu waliangua kicheko. Fundi hakucheka. Alisimama akasema kwamba asiyejua kushika spana abaki na chaki yake, kisha akatoka. Tangu siku hiyo pikapu haikukanyaga ua wa karakana, wala geti la karakana halikufunguliwa kwa pikapu. Watu wazima na heshima zao, wamenuniana kama watoto walionyang'anyana embe!

Aliyelipia kununiana huko ni Gundi. Alikodi mikokoteni. Mkokoteni ukikosekana, alisukuma viti vya magurudumu mwenyewe katikati ya soko, viatu mkononi, jasho likimchuruzika, na wauza nyanya hawakumwacha apite kimya.

"Mama, mgonjwa yuko wapi?"

"Ndiye mimi," alijibu, "ila leo dereva hakuja."

Akacheka nao, lakini moyoni alikuwa ameanza kuchoka. Mzee mmoja alipolala chini wiki nzima huku kitanda chake kimesimama karakana kikisubiri gari, mkurugenzi alimwita.

"Gundi, mimi nakupenda, unajua," alisema mkurugenzi, na Gundi akajua mambo yameharibika. "Lakini bodi imechoka. Mkutano mkuu unakuja. Kama wale wawili hawatakaa meza moja wakaelewana, vifaa vinagawanywa, kila kikundi kichukue chake, na mtandao unafungwa."

"Na mimi?"

"Wewe tutakupeleka masjala. Ni kazi nzuri, ya kukaa."

Gundi alishuka zile ngazi za tapentaini. Masjala! Yeye ambaye hawezi kununua kitunguu bila kuuliza muuzaji watoto hawajambo, akakae na mafaili? Faili halina hata habari ya kukuuliza umeamkaje. Na wale wazee wa majumbani, nani atawatafutia vitanda?

Kesho yake alimpigia Fundi. Fundi alikuwa mtu wa maneno ya kupimwa, na tangu ugomvi ule alikuwa amepunguza hata kipimo.

"Fundi, shikamoo."

"Marahaba."

"Kwanza kabisa, nina salamu zako," alisema Gundi kwa mazoea, kisha akagundua kwamba asubuhi hiyo hana salamu ya mtu yeyote. Ulimi ukajiendea wenyewe. "Za Mwalimu."

Upande wa pili nyundo ilinyamaza.

"Mwalimu yupi?"

"Mwalimu wetu. Anauliza mgongo wako unaendeleaje."

Gundi akaangalia kama simu imekatika.

"Mwambie unaendelea," alisema Fundi.

Sasa hapo ungefanyaje? "Unaendelea" si kitu cha kumpelekea mwanamke aliyefundisha insha maisha yake yote. Gundi akatia chumvi kidogo. Alimpigia Mwalimu na kumwambia kwamba Fundi anamsalimu kwa moyo mkunjufu na anamwuliza magoti yake, maana baridi hii si nzuri kwa magoti.

"Kwa moyo mkunjufu?" aliuliza Mwalimu.

"Mkunjufu kabisa."

"Ahaa," alisema Mwalimu. "Mwambie asante."

Basi ikawa ndiyo kazi. Kila wiki salamu zilikwenda na kurudi, na kila zilipopita mikononi mwa Gundi zilinenepa. Fundi alipofanyiwa upasuaji wa mgongo, Mwalimu "alimwombea". Mjukuu wa Mwalimu alipofaulu mtihani, Fundi "alifurahi kama wake". Nyumbani kwa Gundi, mama mkwe wake alikaa sebuleni na ungo wa mchele, akichambua na kusikiliza. Bibi huyo alikuwa na masikio ya ajabu, hasa kwa mambo yasiyomhusu.

"Leo Fundi kampongeza Mwalimu kwa lipi?" aliuliza.

"Kwa mjukuu wake kufaulu, mama."

"Kwani Fundi anajua kama Mwalimu ana mjukuu?"

"Sasa anajua."

Mama mkwe alitupa kijiwe alichokitoa kwenye mchele. "Unadanganya kwa heshima sana, mkwe wangu. Ila siku wale watu wakionana uso kwa uso, mimi utanikuta kwa dada yangu."

Gundi alicheka. Hakucheka asubuhi ya mkutano mkuu, akipanga viti vya plastiki ukumbini, maana hapo ndipo hesabu ilipomjia kichwani yote kwa pamoja. Wawili hao wasipokaa pamoja, mtandao umekufa. Wakikaa pamoja, watazungumza. Na wakizungumza, kitu cha kwanza watakachozungumza ni salamu. Alishika kiti kimoja muda mrefu bila kujua akiweke wapi.

Fundi alifika wa kwanza, shati limepigwa pasi mpaka kola inasimama, akakaa meza ya mbele. Mwalimu akaingia baadaye, akashika njia ya katikati polepole kwa sababu ya magoti, akaketi meza ya mbele. Meza ileile. Mkurugenzi alimkonyeza Gundi kwa furaha. Gundi akajibu kwa tabasamu la mtu anayeng'olewa jino.

Mkutano haujafika mbali, Fundi akanyoosha mkono.

"Mimi si mtu wa maneno," alianza, na ukumbi wote ukakubali kwa vichwa. "Ila leo nina deni la shukrani. Mimi na Mwalimu tulikosana, mnajua. Lakini yeye hakuniacha. Kila wiki kaniletea salamu kupitia huyu Gundi. Nilipopasuliwa mgongo, ndugu zangu wengine walisahau, yeye aliniombea. Mwalimu, asante."

Akaketi. Alikuwa ametokwa na jasho kama mtu aliyechomelea geti zima.

Gundi aliangalia mlango. Ulikuwa mbali, na mbele yake alikaa mwenyekiti wa bodi, mwili jumba. Aliona yote yakimwagika sasa hivi, mbele ya kadamnasi: Mwalimu atasema hajatuma salamu hata moja, Fundi ataaibika mara ya pili mbele ya watu walewale, na safari hii aibu hiyo itakuwa ya kutengenezwa na Gundi kwa mikono yake. Masjala alishaisahau. Alimwonea uchungu Fundi na shati lake la pasi.

Mwalimu alivua miwani. Akaifuta kwa ncha ya khanga, kioo kimoja, kisha kingine. Akaivaa, akamtazama Gundi kwa namna ambayo wanafunzi wake wa zamani wangeijua mara moja. Halafu akamgeukia Fundi.

"Na mgongo wenyewe sasa ukoje?"

"Unaendelea, Mwalimu."

"Nashukuru. Na mimi nina langu. Kile kiti, sikupaswa kukisema mbele za watu. Ningekuja karakana nikakwambia wewe."

Fundi alikuna kidevu. "Kililia kweli," alisema. "Nilisahau kukitia grisi."

Ukumbi ulilipuka kwa kicheko, na safari hii Fundi alicheka pamoja nao, bega likimtikisika. Kabla ya chakula cha mchana ilikuwa imeshakubaliwa: Jumatatu pikapu inaingia ua wa karakana, na habari za kugawana vifaa hazikutajwa tena. Mkurugenzi alimpongeza Gundi kwa uratibu uliotukuka. Gundi akasogeza sahani yake ya wali pembeni.

Mwalimu alimwita kwa kidole, wakasimama kwenye korido.

"Moyo mkunjufu, mwanangu?"

Gundi aliinamisha kichwa. "Ulijua lini, Mwalimu?"

"Siku ya kwanza. Nimesahihisha insha miaka mingi, mtu akiandikiwa kazi na mwenzake naiona hata bila miwani. Fundi yule hajawahi kutamka neno mkunjufu tangu azaliwe."

"Nisamehe, Mwalimu wangu. Lakini mbona hukunikomesha?"

 Mwalimu alirekebisha khanga begani.

"Tangu mzee wangu afariki," alisema, "simu yangu inalia kila siku. Pikapu iko wapi, Mwalimu. Pikapu ina mafuta, Mwalimu. Wewe ulikuwa unanipigia unaniuliza magoti. Nilijua ni uongo, nikawa naungoja." Akakohoa kidogo, sauti ikamrudia. "Lakini sasa basi. Usiniletee tena salamu ambazo mwenyewe hajazitoa. Tumeelewana?"

"Tumeelewana."

Na akaacha, ingawa ilimwia vigumu. Kuanza simu bila salamu ilikuwa kama kuingia nyumba ya watu bila kubisha hodi. Alijikaza. Kama hana salamu, aliuliza hali yeye mwenyewe, kwa jina lake mwenyewe, na watu waliendelea kumpa vitanda. Mama mkwe alilalamika kwamba mazungumzo ya simu siku hizi hayana ladha, akahamia kusikiliza ya jirani.

Jumatatu moja Gundi alisimama kwenye ua wa karakana akihesabu magongo yaliyokuwa yakipakiwa kwenye pikapu. Dereva alifunga kamba, akawasha gari. Gundi akaaga. Fundi alikuwa amelala chali chini ya kiti cha magurudumu, miguu tu ndiyo inayoonekana.

"Msalimie Mwalimu," ilisema sauti kutoka chini ya kiti.

Gundi alisimama kama aliyepigwa msumari.

"Umesemaje, Fundi?"

"Umesikia."

Hakungoja kufika ofisini. Alipiga simu palepale getini.

"Mwalimu, nina salamu zako. Za Fundi."

"Gundi. Tulikubaliana nini, mimi na wewe?"

"Kasema, 'Msalimie Mwalimu.'"

"Halafu?"

"Basi."

"Hakuuliza magoti?"

"Hakuuliza."

"Hakusema moyo wowote?"

"Hakusema, Mwalimu. Hata uso sikuuona, alikuwa chini ya kiti."

 Gundi alisikia kijiko kikiwekwa taratibu kwenye kisahani, huko nyumbani kwa mjane yule.

"Basi hizo ni zake," alisema Mwalimu, na sauti yake ilikuwa ndogo kuliko alivyowahi kuisikia. "Mwambie zimefika."

Gundi alirudi ndani ya ua, akachuchumaa kando ya ile miguu iliyotokeza chini ya kiti.

"Zimefika," alisema, na hakuongeza neno.